Mnafu wa Mama Ndelilio na Kopo la Magadi

Tangu asubuhi Mama Ndelilio alikuwa hashikiki kwa furaha. Jumapili ingekuwa Sikukuu ya Mavuno, na yeye ndiye angeongoza kwaya ya akina mama usharikani. Alichambua mboga ya mnafu huku akiimba, akamtuma mkwe wake, Esther, alete kopo la magadi ya kulainishia mboga.

Esther akalifungua. Juu ya magadi kulikuwa na vidonge vya kifafa vya siku tatu, havijamezwa; kwa furaha yake Mama Ndelilio alisahau kwamba alivificha humo. Kwa vidonge hivyo mama mkwe wake alikuwa hajaanguka miaka miwili. Je, akianguka Jumapili mbele ya watu wote? Au leo, hapo kwenye moto?

Lakini mkwe atamkaripiaje mama mkwe? Esther akavuka mbio ua wa mimea ya masale, akamwita jirani yao Hellen, mhudumu wa afya wa kijiji.

Hellen alimwamkia Mama Ndelilio, akaketi, akauliza taratibu. Mama Ndelilio hakuficha. Sokoni Moshi alisikia watu wakisema kwamba mnafu hulinda neva. Sasa vidonge vya nini tena?

“Hawakukudanganya yote, Mama,” Hellen alisema. “Mboga za majani zina antioksidanti. Ni vitu vinavyosaidia kulinda chembe za mwili zisiharibike, hata za ubongo. Kula kila siku. Ila mboga haizuii kifafa. Hiyo ni kazi ya kidonge.”

“Kwa hiyo nile vyote viwili?”

“Vyote viwili. Ukiacha dawa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Twende kliniki leo, daktari aseme utaanzaje tena. Na magadi uyaache, yanaua vitamini.”

Mama Ndelilio alinuna kidogo kwa ajili ya magadi. Hata hivyo alivaa viatu, na siku hiyohiyo daktari akamrudisha kwenye dawa.

Jumapili aliingia kanisani na kapu la mnafu kichwani. Aliimba mpaka wimbo wa mwisho, wima, sauti imejaa kanisa lote. Esther alipiga vigelegele hadi koo likakauka.

Waliporudi nyumbani, Mama Ndelilio alisimama kwenye ule ua wa masale. Akachuma jani la sale, akamkabidhi mkwe wake kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayekupa sale anakuomba msamaha.

Esther alilipokea akilia na kucheka. Kisha akaenda kumletea maji ya kumezea kidonge.