Nishani ya Korongoni

Pini ilipomchoma mzee kifuani, Balozi alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya picha.

Kwa umri wake, na kwa bandari zote alizotia mguu, mtu angetegemea awe ameshajua kubandika nishani kwenye shati bila kumtoboa mwenye shati. Sebule imejaa wageni, hotuba imekwenda vizuri, watu wamecheka pale alipotaka wacheke na wametulia pale alipotaka watulie. Alipoinama mbele ya baba mkwe wake na kusema, "Leo taifa limekumbuka," akasukuma pini, na tone la damu likatokeza kwenye shati jeupe kama kitufe kilichoshonwa mahali pasipo pake.

Mzee, ambaye wote walimwita Koplo tangu jeshini, hakulitazama lile tone. Alikuwa anaitazama nishani.

"Nani amekutuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyenituma, baba. Ni zawadi. Kumbukumbu zako za utumishi zimesahihishwa. Sasa imeandikwa kwamba ni wewe uliyewabeba majeruhi kutoka korongoni."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, imegongwa muhuri, imekwisha."

Mzee akasimama, akaichomoa nishani na kipande cha uzi wa shati, akaiweka mezani kando ya soda, akaingia chumbani na kufunga mlango. Sebule nzima ikabaki inasikiliza kitasa. Shangazi, dada yake Koplo, akafunua masufuria. "Haya kuleni jamani, chakula hakina kosa."

Walimwita Balozi kwa sababu alimaliza ujana wake akitengeneza majokofu kwenye meli za mizigo, akasalimiana na nusu ya dunia, na hakumwakilisha mtu yeyote. Alirudi na mgongo mbovu, kitambi, na mzigo wa vichekesho. Mtaani hakuna aliyemshinda kwa mdomo. Ila mbele ya baba mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao, ulimi ulijikunja kama mkeka. Mkwe humuulizi mambo yake. Unamsalimia, unampisha kiti, unamwongezea chai. Kwa hiyo habari za vita Balozi alizipata kwa Sajini, mmoja wa wale waliobebwa, ambaye, kabla hajapooza, alimsimulia msibani huku akifuta macho: jinsi kikosi kilivyoshambuliwa korongoni, jinsi Koplo alivyoshuka peke yake, jinsi walivyozinduka wote juu ukingoni, wazima.

Balozi akaenda ofisi ya kumbukumbu za jeshi na hati ya kiapo ya Sajini. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akamfungulia jalada na kumwonyesha kizuizi: maelezo ya Koplo mwenyewe, ya wakati ule ule, kwamba hakubeba mtu. Balozi akacheka. Akasema huyo ndiye baba mkwe wake, mnyenyekevu wa kupindukia, hata sukari haombi. Bodi ya nishani ikakubaliana naye. Na kwa kuwa kumuuliza mzee mwenyewe ingekuwa utovu wa adabu, hakumuuliza.

Jumapili iliyofuata ile sherehe, baada ya chakula cha mchana, mkewe alitoka chumbani amekunja uso.

"Umenigeuza?"

"Nikugeuze wewe? Kwa mgongo gani?"

"Nililala kichwa dirishani. Nimeamka kichwa kiko mlangoni. Na shuka limechomekwa pande zote mpaka kidevuni, kama mtu wa hospitali."

Balozi akamwambia amenenepa vizuri siku hizi, hata kitanda kimeshindwa kumtuliza mahali pamoja. Akatupiwa mto. Lakini alipoingia chumbani kuutafuta ubishi, alikuta harufu. Harufu ya udongo uliolowa, na chini yake nyingine, ya bendeji iliyokaa kwenye jasho. Ilikuwa kiangazi. Nje hata mbwa walikuwa wanatafuta kivuli.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake. Alisinzia kwenye kochi na redio imewashwa, akaamka chali kwenye sakafu ya jikoni, mikono imenyooshwa ubavuni, na kwenye kifundo cha mkono amefungwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye pazia. Balozi hakuwa mzigo wa kuchukuliwa na upepo. Alipougua melini walimshusha mabaharia wenye vifua, na walilalamika hadi jioni.

"Mimi huwa natembea usingizini?" alimuuliza mkewe.

"Wewe? Hata ukiwa macho hutembei."

Hakuna aliyecheka. Mkewe alikuwa anakitazama kile kitambaa, kilivyofungwa fundo safi, la mtu aliyefunga mengi.

Kisha ikaja ile alasiri ambayo Balozi, hadi leo, akiifikia katika kusimulia huomba maji. Nyumba ilikuwa kimya, jua limeingia hadi katikati ya ukumbi, na yeye alifumbua macho akaona dari ambayo si ya chumba chake, akageuza shingo taratibu kwa sababu mwili mwingine wote ulikuwa umekazwa ndani ya shuka, akamwona mkewe amelala kando yake, na kando ya mkewe shangazi na kilemba chake kichwani, na kando ya shangazi binti yao wa mwisho, Kitinda, ambaye alipaswa kuwa shuleni na bado alikuwa na sare na viatu, wote wamepangwa sakafuni kwa nafasi sawasawa, vichwa upande mmoja, vitambaa mikononi, na juu yao, kutoka mwisho mmoja wa safu hadi mwingine na kurudi, kulikuwa na pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyebeba mizigo mchana kutwa na sasa amesimama kuikagua.

Ile pumzi ikafika juu ya uso wake, ikatua. Kisha ikaondoka.

Mwisho wa safu Koplo alikuwa amekaa ameegemea ukuta, macho wazi. Miguu yake ilikuwa na tope bichi hadi kwenye vifundo.

"Anatupanga," mzee alinong'ona. "Alitupanga hivi hivi."

"Nani, baba?"

"Aliyewabeba."

Wakakusanyika jikoni, mlango umefungwa, Kitinda amelazwa mapajani kwa mama yake, na mzee akasema yale ambayo hakuwahi kuyasema, akiongea kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa. Alishuka korongoni, hilo kweli. Alishuka kuwafuata wenzake. Lakini kabla hajamwinua hata mmoja alipigwa nyonga, akaanguka kati yao. Akalala pale anasikiliza watu wakiita mama zao. Halafu akasikia pumzi pembeni yake.

"Ikaniuliza, niwabebe? Nikasema wabebe. Ikaniuliza, na wewe? Nikasema na mimi. Nilikuwa bado kijana, nilitaka kuishi, mngetaka niseme nini?"

"Hukumwona?" aliuliza binti yake, mke wa Balozi.

"Niliona wenzangu wanapaa kutoka chini mmoja mmoja, mikono inaning'inia. Ikasema, sifa ya kazi hii ni yangu. Ukiichukua wewe, nawarudisha nilikowatoa. Wao na kilichotoka kwao." Akamtazama Kitinda, akaondoa macho haraka. "Mkuu wa kikosi akataka kuniandika. Nikakataa. Akang'ang'ania, nikaandika kwa mkono wangu kwamba sikubeba mtu. Wakanisifu, wakasema huyu mnyenyekevu. Unyenyekevu wa wapi! Nilikuwa naogopa."

Balozi aliinuka. Akachukua simu ampigie Sajini. Alipokea mke wa Sajini, analia.

"Tumempoteza asubuhi, ndugu yangu. Kalala tu, hakuamka. Lakini miguu yake! Mtu hajakanyaga chini tangu alipopooza, na miguu yake imejaa tope. Nani kamtoa mume wangu kitandani? Niambie, nani?"

Shangazi hakungoja simu ikatwe. Alikwenda kumleta mganga.

Mganga alikuja na mkoba wa begani na haraka ya mtu mwenye wagonjwa wengine. Akaomba kiti kitupu na kijiko cha makaa, akatupia ubani. Moshi ulipanda wima, ukasita, kisha ukajikunja wote kuelekea kwenye kiti, na kamba za kiti zikalia na kubonyea, kama vile amekalia mtu mzito aliyechoka. Mganga alisogeza sikio, akasikiliza kwa muda mrefu. Mara mbili alitikisa kichwa. Mara moja alisema, "Hapana, mtoto mwache." Mkewe Balozi akamkumbatia Kitinda hadi mtoto akalalamika anaumia.

Mganga akafunga mkoba.

"Huyu siwezi kumtoa."

"Mama, tafadhali," alisema Balozi.

"Mimi natoa waliopanda kichwani. Huyu hakupanda kwa mtu, kapandishwa na ofisi. Kuna karatasi inasema kazi yake ni ya mwingine. Mlimwita kwa muhuri, kamtoeni kwa muhuri. Na msichelewe. Anasema amemaliza kupanga, sasa anaanza kurudisha."

Asubuhi mlango wa ofisi ulipofunguliwa, Balozi na Koplo walikuwa wameshaegemea. Karani aliwasikiliza huku akivuta miwani yake juu na chini.

"Ngoja nielewe. Watu wanakuja hapa wanapigania nishani hadi wanazimia. Wewe ulipigania, ukapata, na sasa unataka ifutwe?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Balozi alikuwa ameandaa uongo mzuri, wenye kichwa na miguu, lakini simu ikalia. Alikuwa mkewe, na alikuwa ananong'ona.

"Kitinda kalala. Hakuwa na usingizi, ameanguka tu kalala. Namwita haitiki. Harufu iko humu ndani."

"Mshike."

"Nimemshika! Anakuwa mwepesi. Baba Kitinda, anakuwa mwepesi mikononi mwangu."

"Nilidanganya," Balozi alimwambia karani. "Andika hivyo. Hadithi yote niliitunga mimi."

"Na hati ya kiapo ya sajini?"

Hapo alisita. Sajini alikuwa hajazikwa. Alikuwa ameapa ukweli kama alivyoujua, na alikuwa amelia machozi ya kweli. "Maneno ni yangu," alisema. "Yeye alitia sahihi kwa wema, hakusoma."

"Unajua kutoa taarifa ya uongo ni kosa? Unajua kuanzia leo ukija hapa hata kusema jina lako tutakuomba shahidi?"

"Nipe kalamu, dada yangu."

Akaandika huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, na sikioni mwake mkewe akimweleza kwa mnong'ono uliokatika katika kwamba mtoto ametoka mikononi, kwamba ameinuka na kubaki hewani mgongo umebonyea katikati na miguu imening'inia kama abebwavyo mtu kwa mikono miwili, kwamba yeye mwenyewe amemng'ang'ania sare na anaburutwa naye, kwamba wanapita ukumbini, kwamba shangazi amejibandika mlangoni na mlango unafunguka taratibu ukimsukuma, na nje, mkewe alisema, nje si uani, nje naona mawe, naona korongo.

"Mzee," karani alimgeukia Koplo, "lazima na wewe useme. Uliwabeba hawa askari?"

"Sikuwabeba."

"Sema kwa sauti, ninaandika."

Koplo akasimama wima, mikono ubavuni, vile walivyofundishwa. "Sikuwabeba! Sikumbeba hata mmoja!"

Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja nyuma akasema, aibu kubwa hii, na mzee mwenye kofia ya kikosi akatema mate pembeni. Koplo hakutikisika. Karani aliinua muhuri, akaukuta umekauka, akafungua kidau cha wino bila haraka yoyote, akaubonyeza, akagonga.

Sikioni mwa Balozi kulikuwa kimya. Kisha kikaja kishindo kidogo, kisha kilio cha mtoto aliyeamshwa vibaya, na Balozi, baharia wa dunia, akakaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya serikali na kulia kuliko mwanawe.

Walitoka wakaketi kwenye benchi la nje, mkwe na mkwe. Nishani walikuwa wameiacha mezani kwa karani. Waliotoka ofisini walimpita mzee bila salamu.

"Baba," alisema Balozi. "Niulize kitu?"

"Leo unaomba ruhusa?"

"Kule chini ulishuka mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu."

"Na risasi zinapigwa?"

"Ulitaka zipigwe wapi, melini kwenu?"

Balozi akafikiri. Alimtazama mzee aliyetemewa mate, akaona uchungu, na moyo wake ule ule uliomponza ukaanza tena kufukuta.

"Basi baba, kushuka si kubeba. Kushuka ni kwako, hiyo hakufanya yeye. Ipo nishani ndogo tu ya ushujaa, mimi siaminiki tena, lakini shangazi anaweza kuandika..."

"Aandike," alisema Koplo, akinyanyuka. "Ila safari hii mkirudishwa huko, mimi sishuki."