Sufu ya Darini

Kila asubuhi kabla ya shule, Begimai alizoa majivu, akaleta ndoo ya makaa ya mawe kutoka bandani, kisha akawasha jiko. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imepoa tena. Mdogo wake, Adilet, alikuwa akikohoa tangu baridi ianze, na daktari wa mji wao, Naryn, alishasema moshi upunguzwe.

"Tunawapasha moto ndege," alisema mama yao, Kanyshai, akitazama juu. Alikuwa ametoka zamu ya kiwanda cha mikate, hata viatu hajavua. "Joto lote linapotelea darini. Lazima tutandike kitu huko kabla ya theluji."

Jumamosi Mjomba Emil alifika na gari limejaa mapande ya povu jeupe, yale yanayofungiwa televisheni mpya.

"Ya bure, dada! Leo hii hii tunamaliza."

Begimai alifurahi. Bandani mlikuwa na magunia ya sufu ya kondoo, chafu, yenye kunuka, na kama ingetandikwa hiyo, alijua nani angeifua.

Mama alitupa kipande cha povu kwenye moto wa uani. Kiliyeyuka, kikadondosha matone ya moto. Moshi mweusi ukawafukuza wote.

"Bomba la jiko linapita darini, Emil. Ikiruka cheche moja? Sufu haishiki moto upesi hivi."

"Dada, unajitafutia kazi."

"Basi njoo tuifanye pamoja."

Wakafua sufu kwenye mapipa, wakaisuuza mtoni kwa maji yaliyouma vidole, wakaianika na kuichambua. Jioni Begimai alikuwa akisinzia mezani na kijiko mkononi. Siku ya kuipandisha, magunia ya mwisho yalikuwa bado na unyevu katikati. Alilijua hilo, lakini alikuwa amechoka. Akayakokota hadi kwenye ngazi.

"Yamekauka?" Mama aliuliza kutoka juu.

Begimai aliinua gunia la kwanza ampe. Ndani, Adilet alikohoa.

"Bado, Mama. Nilitaka tu tumalize."

Mama alishuka, akaketi chini, akafumba macho. "Hata mimi nataka tumalize. Yaanike."

"Mpwa wangu," alilalamika Mjomba Emil, aliyekuwa akikandika udongo kuzunguka bomba ili sufu isiliguse, "ungenyamaza, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai!"

Theluji ilipoanguka, Begimai alirudi kutoka shuleni akihema.

"Mama! Mapaa ya majirani yanachuruzika maji, letu limejaa theluji! Tumekosea wapi?"

Mama alitoka kutazama. Akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Theluji yao inayeyushwa na joto linalowatoroka. Joto letu limebaki ndani, na mdogo wako juzi na jana amelala bila kukohoa." Akamfuta theluji kichwani. "Sufu mbichi ingeoza, tungevuta ukungu badala ya moshi. Kusema kweli ukiwa umepumzika ni rahisi, mwanangu. Wewe ulisema ukiwa hoi, na ndiyo maana tunalala salama. Haya, ingia ulale. Leo sikutumi popote."