Chai ya Choya na Tumbo la Emerensiana

Bibi Marselina wa Usevya alipanda choya kuzunguka shamba lake lote la mpunga. Kila kiangazi alichuma maua yake mekundu, akayaosha, akayaanika juu ya mkeka. Chai yake ilijulikana kijiji kizima. Wanawake waliokuwa katika hedhi walikuja kuinywa. Walikaa uani, wakapiga soga hadi tumbo likatulia. Bibi alifundishwa chai hiyo na mama yake, na aliionea fahari sana.

Aliishi na mjukuu wake, Emerensiana, mwanafunzi wa kidato cha pili. Emerensiana alikuwa msichana mchangamfu. Alicheza netiboli na aliimba kwaya. Lakini hedhi ilipoanza, alijikunja kitandani kama jongoo. Alitapika. Shule hakwenda.

"Kunywa choya, mwanangu," bibi alimwambia kila mara.

Emerensiana alikunywa.

"Umepata nafuu?"

"Ndiyo, bibi."

Siku moja bibi alirudi kutoka shambani ghafla. Alimkuta Emerensiana analia, ameuma kitenge ili asisikike. Kikombe cha choya kilikuwa kitupu kando yake.

"Kumbe bado unaumwa?"

Emerensiana aliinamisha kichwa. "Nisamehe, bibi. Choya ni tamu, lakini hainitoshi. Niliogopa kukuvunja moyo."

Maneno yale yalimchoma. Hakumkasirikia mtoto. Alijikasirikia yeye mwenyewe, kwamba mjukuu wake ameteseka ndani ya nyumba yake na yeye hajui.

Siku ya soko la mnada ilipofika, alikwenda kutafuta dawa yenye nguvu zaidi. Alimkuta mchuuzi mmoja mgeni, mwenye kipaza sauti. Alikuwa anauza unga wa maua katika vifuko vidogo.

"Hii inamaliza maumivu ya kina mama yote!" alisema mchuuzi.

"Ni maua gani?" bibi aliuliza.

"Ya porini, mama. Wewe chemsha tu."

Bibi alinunua.

Mwezi uliofuata, tumbo lilimshika tena Emerensiana asubuhi. Bibi alichemsha unga ule. Lakini alikuwa na desturi moja: hakumpa mtoto kitu ambacho yeye hajakionja. Akajimiminia kikombe, akanywa nusu. Ilikuwa chungu.

"Ngoja ipoe kidogo," alimwambia Emerensiana.

Kabla haijapoa, mdomo wa bibi ulikauka kabisa. Moyo ulianza kwenda mbio. Alitazama mlango akaona milango miwili.

"Emere," aliita, "mbona nyumba inazunguka?"

Emerensiana alisahau tumbo lake. Alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Dorice, muuguzi wa zahanati. Dorice ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Aliita bodaboda, wakampakia bibi kati ya Dorice na dereva. Emerensiana alifuata kwa miguu, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na kile kifuko cha dawa kwa mkono mwingine.

Alipofika zahanati, alijitupa kwenye kitanda cha pili. Dorice aliwatazama.

"Sasa kati yenu nyie wawili, mgonjwa ni nani?"

Bibi alicheka, ingawa ulimi ulikuwa mkavu.

Mganga wa zahanati alimpima bibi, akaagiza asiachwe peke yake. Kufikia jioni, moyo ulikuwa umetulia na macho yanaona vizuri. Hapo Dorice alivuta kiti, ameshika kile kifuko.

"Bibi, ni maua gani haya?"

"Sijui, mwanangu."

"Hata mimi sijui. Hapo ndipo hatari ilipo. Maua mengine ni sumu, na yakishasagwa hayatambuliki."

"Basi na choya yangu niitupe?" bibi aliuliza kwa unyonge.

"Hapana! Choya tunaijua, ni kinywaji kizuri. Tumbo likiuma kidogo, kinywaji cha moto kinamliwaza mtu. Ila mwenye mimba, au anayetumia dawa za presha, atuulize kwanza. Na maumivu makali yanataka zaidi ya chai."

Kisha alimgeukia Emerensiana. "Wakati wa hedhi, mji wa mimba unajikaza ili kusukuma damu itoke. Kujikaza huko ndiko kunakouma. Hujarogwa, wala si uvivu."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge vizuri, izungushie kitenge, uweke chini ya kitovu. Isiunguze. Tembea kidogo, usilale siku nzima. Na mganga akishakupima, atakupa vidonge vya maumivu. Kula kwanza, kisha umeze maumivu yanapoanza tu. Usisubiri mpaka ulie. Wala usizidishe kile alichokuandikia."

"Na akiendelea kuumwa?" bibi aliuliza.

"Arudi. Arudi pia kama damu ni nyingi mpaka pedi inalowa ndani ya saa moja au mbili, kama ana homa au kizunguzungu, au kama tumbo linauma hata asipokuwa katika hedhi. Hapo huenda kuna ugonjwa mwingine, na unatibika."

Mganga alimpima Emerensiana. Hakuona ugonjwa mwingine. Akampa vidonge na kumweleza namna ya kuvitumia. Nyumbani, bibi alichimba shimo la kina mbali na kisima, akaufukia ule unga wote.

Tangu siku ile, wanawake waliokuja kunywa chai waliulizwa maswali. "Linauma kiasi gani? Damu ni nyingi?" Mama mmoja alipojibu kwamba yeye huanguka kwa kizunguzungu, bibi hakumpa kikombe. Alijifunga kitenge, akamsindikiza zahanati mwenyewe.

Wakati wa mavuno ulifika. Bibi alikuwa anakata mpunga alipomwona Emerensiana anatoka shule, bado na sare. Msichana alivua viatu, akachukua mundu, akaanza kukata huku anaimba wimbo wa kwaya. Mstari wake wa mpunga uliupita wa bibi.

"Mbona leo una nguvu hivyo?"

"Nimekula nikashiba mchana, bibi. Na leo ni siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ya nini?"

Emerensiana aliinuka, akamtazama, akacheka. "Ya hedhi, bibi! Kidonge nilimeza mapema."

Bibi Marselina aliacha kukata. Alikuwa hajagundua kabisa.