Vichaka Vilivyokatwa Kabla ya Mwaka Mpya

Kila asubuhi Mama Nobue Munakata alikunywa chai dirishani. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameiingiza chini ya meza fupi yenye kipasha joto, na akatazama bustani. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo. Ukipiga hatua chache umeshafika kwenye ukuta wa jirani. Lakini kando ya ukuta huo kulikuwa na vichaka vya spirea, aina ile ya yukiyanagi, ambayo kila Machi hujaa maua meupe madogo madogo mpaka matawi yanainama. Mumewe ndiye aliyevipanda walipooana. Mume alishafariki, vichaka vikabaki.

Mama Nobue aliishi na mwanawe Shunji na mkwewe Misuzu. Shunji alifanya kazi katika kiwanda cha tambi hapa mjini Tatebayashi. Alikuwa mchapakazi, tena mchapakazi wa kupindukia. Akikaa bure mikono inamuwasha.

Oktoba moja daktari wa macho aliwaita wote watatu. Aliwaeleza kwamba sehemu ya katikati ya jicho, ile inayosoma maandishi na kutambua nyuso, ilikuwa inachakaa kwa Mama Nobue. Sindano zingepunguza kasi tu. Kilichopotea kisingerudi. Huenda angeona vizuri kwa mwaka mmoja hivi, huenda chini ya hapo. Walipokuwa wakirudi nyumbani garini, mama mwenyewe ndiye aliyefungua mdomo.

"Mimi sina makuu," alisema. "Ni yale maua ya dirishani tu. Nataka niyaone Machi hii, niyaone sawasawa, ua kwa ua. Baada ya hapo hata pakiwa giza, basi."

"Utayaona, Mama," Shunji alimjibu. "Mimi mwenyewe nitahakikisha."

Ahadi ilitoka moyoni. Hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii, kwa sababu Shunji hakuwa mzembe wala hakuwa na moyo mbaya. Alimpenda mama yake na akataka kumfurahisha.

Ikaingia Desemba. Mwisho wa mwaka mtaani kwetu unaujua kwa vumbi. Kila nyumba inapiga usafi. Mikeka inapigwa, madirisha yanafutwa, bustani zinakatwa na kufagiliwa, na kila kitu kiwe kimekwisha kabla ya kamba ya majani ya mpunga, ile ya kukaribisha baraka za mwaka, kutundikwa mlangoni. Mwaka mpya ukija ukukute msafi. Wageni nao wanakuja, na wageni wana macho.

Shunji alipata mapumziko. Siku hiyo Misuzu alikuwa amempeleka mama kuchomwa sindano ya jicho. Shunji akabaki peke yake na mkasi mpya wa bustani. Mwanamume mwenye siku ya mapumziko na mkasi mpya ni mtu wa kuogopwa, lakini nani angemzuia?

Alivitazama vile vichaka, akaona vurugu tupu. Matawi yalikuwa marefu, mengine yamelala chini, mengine yamerukia kwa jirani, na majani machache ya manjano yaling'ang'ania huku na huku. Akaanza kukata. Alikata juu, akakata pembeni, akazunguka, akakata tena. Jioni ilipofika vichaka vyote vilikuwa mviringo, safi, vimepangana. Upepo mkavu wa milimani ulivuma na hakuna tawi lililotikisika.

Mama aliporudi, jicho moja likiwa limefunikwa, alisimama dirishani akatazama kwa muda.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Pamekuwa pasafi kweli."

Shunji alilala kwa raha usiku huo. Mwaka mpya ulipofika, wageni waliisifu bustani kuliko hata chakula cha Misuzu, naye Misuzu hakulisahau hilo upesi.

Machi ikafika. Kando ya mto, yukiyanagi za watu zilichanua. Mbele ya shule zilichanua. Kwa fundi wa baiskeli, ambaye hajawahi kumwagilia hata jani, zilichanua mpaka zikafunika bango lake. Kwa akina Munakata palitoka majani ya kijani tu.

Kila asubuhi Mama Nobue alikaa dirishani na chai yake. Kila asubuhi alimwambia Misuzu kwamba labda kesho. Mwishowe alitoka nje mwenyewe, akachuchumaa, akapapasa chini kabisa kwenye shina. Huko mkasi haukufika. Palikuwa na kitawi kimoja chenye maua. Alisogeza uso mpaka pua ikayagusa, akakaa hivyo muda mrefu. Misuzu alimwona kutoka jikoni akaacha sufuria ichemke peke yake.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Bi Kayo Ogata. Yeye na marehemu mumewe waliuza miche ya maua tangu Shunji akiwa mtoto. Siku za kuzuru makaburi za mwezi huo zilipofika, Bi Kayo alikuja na sahani ya vitonge vya wali vilivyopakwa maharage matamu, kama afanyavyo kila mwaka. Aliketi, akatazama nje, akashusha macho.

Shunji alikuwa na maelezo yake tayari. Alisema huenda ni ugonjwa. Huenda ni baridi ya Februari. Alikuwa anafikiria kuweka mbolea, tena nyingi.

"Si ugonjwa, Shunji," Bi Kayo alisema. "Ni mkasi."

"Mkasi ulikuwa mpya, Bi Kayo. Umekata vizuri."

"Umekata vizuri sana, ndiyo shida yenyewe. Sikiliza. Maua ya Machi hayaandaliwi Machi. Kichaka hiki kikishachanua kinatoa matawi mapya. Matawi yanakua majira yote ya joto. Majani yakianza kupukutika, vitumba vya maua vimeshakaa juu yake, vidogo kama punje ya ufuta, vinangoja. Desemba wewe uliona vijiti vikavu. Vile vijiti ndivyo vilivyobeba maua ya mama yako."

 Shunji alitazama mikono yake.

"Sasa hukatwa lini?" Misuzu aliuliza.

"Maua yakishapukutika tu. Aprili, hivi. Hapo unakata, nacho kinapata miezi yote ya joto kutengeneza matawi mengine."

Mama Nobue aliweka kikombe chini. Akasema polepole kwamba marehemu mumewe alikata wakati huohuo hasa. Yeye mama akifagia maua yaliyodondoka, mume anakata. Miaka yote ile. "Nilidhani ndipo alipokuwa na nafasi," alisema. "Sikuwahi kumuuliza kwa nini."

Bi Kayo naye alikuwa na lake. Lilimkaa kooni tangu Desemba, na sasa akalitoa.

"Nilikuona siku ile, Shunji. Nilikuwa ghorofani naanua magodoro. Nikataka kukuita. Halafu nikajiambia, siku hizi za mwisho wa mwaka nimwambie mtu asisafishe kwake? Nikaogopa kuitwa mdaku. Nikaingia ndani nikafunga dirisha. Na habari ya macho ya mama yako nilikuwa ninayo."

 Hakuna aliyegusa vitonge.

"Basi," Mama Nobue alisema. "Huyu kakata, wewe umenyamaza, mimi sikuuliza. Tumegawana sawa. Kunyweni chai, inapoa."

Shunji alimuuliza Bi Kayo kama kuna dawa, maji, mbolea, chochote cha kufanya vichaka vichanue mwezi ule. Bi Kayo alisema hakuna. Kwa mwaka ule imekwisha. Shunji aliinuka akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango mpaka Misuzu alipomfuata.

Mtu mwingine angeng'oa vichaka vyote kwa hasira. Shunji alimfuata Bi Kayo kwenye miche yake siku ya pili na kumwomba amfundishe tangu mwanzo. Hakutaka mama angoje Machi nyingine bila rangi yoyote dirishani.

"Usichague kwa uzuri wa picha," Bi Kayo alimwambia. "Chagua kwa mwezi. Ya kwanza ikiisha, ya pili iwe inaanza."

Akamwonyesha spirea nyingine mbili. Moja ni kodemari, ambayo maua yake meupe hukusanyika yakawa mipira midogo, nayo huchanua yukiyanagi inapomaliza. Hiyo pia hukatwa mara tu baada ya kuchanua. Ya pili ni shimotsuke, fupi, yenye maua ya waridi yanayokuja majira ya joto. Walichagua ile yenye majani ya rangi ya dhahabu, ambayo machipukizi yake hutoka mekundu.

"Hii ndiyo yako," Bi Kayo alimwambia, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Yenyewe inachanua kwenye matawi ya mwaka huohuo. Ukishikwa na wazimu wako wa Desemba, hii hapa, ikate. Itakushukuru."

Walipanda wote pamoja. Palihitajika mahali penye jua angalau nusu ya siku, maana kivulini spirea huishi lakini haitoi maua mengi. Shunji alichimba mashimo mapana mara mbili ya mizizi, akachanganya udongo na mboji ya majani. Ndefu zilikaa nyuma, fupi mbele, kila moja na nafasi ya kutanuka. Juu ya udongo walitandaza majani makavu ya mpunga ili unyevu usikauke. Joto la Tatebayashi halina huruma, kwa hiyo majira yote ya joto Misuzu alimwagilia miche ile kabla jua halijachomoza sawasawa, na tena jioni likishazama.

Zile yukiyanagi za zamani hazikuguswa tena na mkasi wa kuviringisha. Bi Kayo alimwonyesha Shunji jinsi ya kutoa mashina machache yaliyozeeka tu, kuanzia chini kabisa kwenye udongo, ili machipukizi mapya yapate hewa na mwanga. Mengine yote yaliachwa yarefuke yanavyotaka.

Mei kodemari ilichanua. Mama Nobue aliiona mipira, lakini maua yaliyomo ndani ya mpira hakuyaona. Shimotsuke ilipochanua, Misuzu alikata vichwa vilivyonyauka na maua ya waridi yakatoka mara ya pili. Wakati huo mama alishaanza kumimina chai nje ya kikombe. Aliacha kusoma gazeti, akisema habari zenyewe zimekuwa mbaya. Novemba majani ya yukiyanagi yaligeuka rangi ya chungwa na wekundu, naye akauliza kama kuna mtu amesahau nguo ukutani. Walicheka, na yeye alicheka pia, lakini Shunji aliondoka akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Desemba ilipofika alikata zile shimotsuke tu. Vijiti vya yukiyanagi vilikaa ovyo mbele ya wageni wote. Binamu mmoja alimwambia siku hizi amekuwa mvivu. Shunji alimwongezea kinywaji na hakujitetea.

Na Machi ikaja. Yukiyanagi zilichanua zote kwa pamoja, kutoka chini hadi ncha, mpaka ukuta wa Bi Kayo haukuonekana. Watu walisimama barabarani kutazama. Shunji alimshika mama yake mkono, akamtoa nje, akamweka mbele ya vichaka.

Mama Nobue alitazama mbele kidogo. Kisha akageuza uso, akatazama pembeni, kwenye ukuta wa nyumba yao, ambako hapakuwa na kitu.

 Shunji alidhani mama haoni chochote. Kisha akadhani jambo baya zaidi, kwamba anaona na hataki kutazama.

"Mama, maua yapo huku," alisema.

"Najua yalipo. Nikiyaangalia yananipotea. Katikati pana shimo. Nikiangalia kando, ndiyo yanakuja. Ni meupe. Ni mengi sana, Shunji."

Shunji akauliza, "Unayaona ua kwa ua?"

"Hapana," mama yake alisema, bila ukali. "Hayo yalikuwa ya mwaka jana."

Shunji alilia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kando ya masikio, na alilia palepale bustanini, Bi Kayo akisikia upande wa pili wa ukuta. Mama yake alimwacha alie. Alipomaliza kulia, mama alimsukuma taratibu begani.

"Nenda kasimame pale yalipo," alimwambia. "Uso wako nao huwa siupati siku hizi. Nataka nikuone."

Shunji alikwenda akasimama kati ya matawi. Mama yake akageuza uso kabisa, akautazama ukuta wa nyumba, na ndipo alipomwona.