Kitabu cha Wadudu Kilichokosa Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Chiriku alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kuiamsha maktaba. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye rejista ya darasa la sita, lakini hata walimu walikuwa wameshalisahau, maana msichana huyu alikuwa na mdomo usiojua mapumziko. Alifungua mlango wa chumba cha mwisho, akafuta vumbi mezani, kisha akabonyeza kitufe cha kisanduku cheusi kisichozidi tofali kwa ukubwa. Taa ya kijani ikawaka, na maktaba ikawa imeamka.

Mgeni akiingia chumbani humo lazima angeuliza vitabu viko wapi. Rafu zilikuwa mbili tu, na moja ilibeba makopo ya rangi. Vitabu vyenyewe, maelfu kwa maelfu, vilikaa ndani ya kile kisanduku, na wanafunzi walivisoma kwenye vishikwambi. Tena kisanduku hicho hakikuwa mchoyo. Kila mtandao ulipopatikana kilizungumza na visanduku vya shule nyingine, karibu na mbali, kikatoa kilicho nacho na kupokea kisicho nacho.

"Hivi ni vitabu huria," mwalimu wa maktaba alikuwa amewaeleza. Wanafunzi walimwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu hata kupiga chafya alipiga kwa mpango. "Walioviandika wamekubali wenyewe visomwe, vinakiliwe na vigawiwe bila malipo."

Jambo hilo lilimshangaza Chiriku kila alipolifikiria. Mtu asiyemjua, mahali asipopajua, ameketi akaandika kitabu kizima kuhusu nyota au sehemu za hesabu, kisha akasema: chukueni. Wakati mwingine alikitazama kile kisanduku kama mtu anayetazama kisima kisichokauka. Naye alitamani sana, siku moja, kutia tone lake humo.

Tone lenyewe lilipatikana nyumbani kwa shangazi yake, mshonaji wa nguo za harusi. Juu ya cherehani palikuwa na kitabu cha wadudu, shangazi alikinunua ili aige mapambo kutoka kwenye mabawa ya vipepeo. Chiriku alikifungua akasahau hata kusalimia. Bawa la nzi, huyu huyu nzi wa chooni, lilijaza ukurasa mzima, na ndani yake mlikuwa na vijia vyembamba vinavyokutana na kuachana kama barabara za mji. Jicho la kereng'ende lilikuwa macho madogo yasiyohesabika. Hata chawa alikuwa amechorwa kwa heshima zake zote, kucha na nywele.

"Shangazi, hivi haya yote yapo kweli kwenye nzi?"

"Yapo. Ni sisi tu hatuna muda wa kutazama, tunawahi kumpiga na ndala," shangazi akasema, pini zikiwa mdomoni. "Soma leo leo, maana kesho asubuhi nasafiri nacho."

Chiriku aliazima simu ya mama yake akapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Picha zilitoka safi, isipokuwa ya ukurasa wa kwanza. Humo kidole gumba chake kilikaa katikati kama bwana arusi, kikafunika jina la mchoraji na maneno madogo yaliyolifuata. Alikuja kuliona hilo shangazi akiwa ameshaondoka. Basi akaufuta ukurasa ule, akaona hakuna hasara, maana haukuwa na mdudu hata mmoja.

Siku ya kupakia kitabu, Mwalimu Taratibu alikuwa kwenye mkutano. Skrini ikauliza: Nani ametayarisha? Chiriku akaandika jina lake, kwani si yeye aliyepiga picha mpaka mgongo ukamuuma? Skrini ikauliza tena: Je, mwenye kazi hii ameruhusu inakiliwe na kugawiwa? Palikuwa na Ndiyo, Hapana na Sijui. Kitabu cha Hapana hakitoki kisandukuni. Kitabu cha Sijui kinamngoja mwalimu. Chiriku alifikiri kidogo. Maktaba yenyewe ni huria, akajiambia, basi kila kinachoingia humu kinakuwa huria, kama maji ya ndoo yakishamiminwa kisimani. Akabonyeza Ndiyo.

Kitabu kikaenda. Na kilivyokwenda, kilikuwa na mabawa mengi kuliko wadudu wake. Salamu zikaanza kuingia kutoka shule ambazo Chiriku hakuwahi hata kuzisikia. Mwalimu mmoja aliandika kwamba wanafunzi wake sasa hawatoki nje bila kioo cha kukuzia, na kwamba bustani ya shule imegeuka darasa. Mwingine aliomba salamu zimfikie "msanii mdogo". Wenzake walimzunguka Chiriku kwenye ukurasa wa chawa, na mmoja akasema, "Kumbe kikulacho ndiye huyu," wakacheka mpaka wakafukuzwa maktabani.

Mwalimu Taratibu aliporudi, alizipitia kurasa moja moja kwa muda mrefu. "Michoro hii umeipata wapi?"

"Kwa shangazi yangu, mwalimu."

"Shangazi yako anachora?"

"Ana mkono mzuri sana, mwalimu. Mji mzima unamjua."

Hapakuwa na neno la uongo katika jibu hilo, na hapakuwa na ukweli. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaamini kwamba shangazi ndiye mchoraji na kwamba ameridhia. Kesho yake mwalimu mkuu akamsimamisha mstarini, akasema shule imepata kijana anayeitangaza. Makofi yakapigwa. Chiriku alitaka kusema jambo, ila ule mdomo wake usiojua mapumziko, siku hiyo ulipumzika. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na yeye ndiye aliyejua kwamba ni ukoka.

Mchana mmoja, miezi kadhaa baadaye, Chiriku akifuta vioo vya vishikwambi, aliingia mama mmoja wa makamo pamoja na mwalimu mkuu na Mwalimu Taratibu. Alibeba mkoba mpana, bapa, na vidole vyake vilikuwa na wino mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo," Chiriku akaamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akawageukia walimu. "Sikuja kugombana. Mimi ndiye niliyechora kile kitabu cha wadudu mnachokigawa."

Kitambaa kilimponyoka Chiriku mkononi.

Mama mchoraji alifungua mkoba akapanga karatasi mezani. Chiriku hakuweza kujizuia kusogea. Lilikuwa lile bawa la nzi lenyewe, si picha yake. Rangi zilikuwa hai. Chini ya wino ilionekana mistari ya penseli, myembamba kama uzi wa buibui, na pembeni majaribio ya mguu mmoja wa mende, tena na tena, hadi karatasi ilichakaa kwa kufutwa.

"Huo mguu ulinitoa jasho," mama mchoraji alisema alipomwona akikodoa macho. "Mwanangu akaniuliza, 'Mama, huyo mdudu wako ana mguu mmoja tu?' Na hawa kumbikumbi, ilibidi ningoje mvua. Hawaji kwa kuitwa. Mvua ikapita bila wao, nikangoja nyingine."

Chiriku hakujua kwamba kitabu kinangojewa hivyo. Aliwahi kudhani vitabu vinatoka tu, kama mkate dukani. Sasa aliona mbele yake miaka ya mtu imelala mezani, na akaogopa hata kupumua juu yake.

"Nimemaliza kitabu cha pili, cha wadudu wa ardhini," mama aliendelea, na sauti ikapungua. "Mchapishaji amekataa kukitoa. Ananiambia shule zimeacha kununua cha kwanza, kwa nini zinunue wakati kinagawiwa bure? Na anaona nakala inayogawiwa ina jina la mtu mwingine. Sasa ananiuliza mimi kama kweli ni kazi yangu."

Mwalimu Taratibu akavua miwani. "Mama, kosa ni langu. Niliambiwa ni kazi ya shangazi wa mwanafunzi wetu nikaridhika. Ilinipasa kuuliza zaidi."

"Basi kisanduku kizimwe leo," mwalimu mkuu akasema. "Hatuwezi kuwa na maktaba ya vitu vya kuchukuachukua. Nitawaandikia wakubwa kwamba tumeifunga, nawe mwalimu utajieleza."

Mwalimu Taratibu hakujitetea. Aliunyoosha mkono kuelekea kitufe, taratibu kama kawaida yake, na Chiriku akaona taa ya kijani ikienda kuzimwa kwa sababu yake, na mwalimu akibeba mzigo usio wake.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mwalimu hana kosa. Shangazi ni mshonaji, hachori. Nilijua nikisema 'ana mkono mzuri' utafikiri anachora, mwalimu, nikaacha ufikiri hivyo. Jina langu niliandika mwenyewe. Ukurasa wenye jina la mama huyu niliufuta kwa sababu picha iliharibika. Na 'Ndiyo' niliibonyeza mimi."

Machozi yakamshinda. Hakuna aliyemkemea, na hilo likamuumiza zaidi.

"Kwa nini uliibonyeza?" mama mchoraji akauliza.

"Nilitaka na wengine washangae kama nilivyoshangaa mimi. Nilidhani kitu kikiingia maktaba huria kinakuwa cha wote."

Mama akazisogeza karatasi zake. "Nguo ya jirani ukiianika kwenye kamba ya shule, itakuwa ya shule?"

"Hapana, mama."

"Na yangu ni hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu, akiona kwamba kosa halikuwa la maktaba, aliamua kisanduku kibaki kikiwaka, lakini alitoa sharti. "Sifa ulizipokea mstarini," alimwambia Chiriku. "Hapo hapo utazirudisha."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama mbele ya shule nzima akaeleza kila kitu, bila kujipunguzia. Alidhani atachekwa. Hakuna aliyecheka, na wale waliompigia makofi waliinamisha macho.

Kisha ikaja kazi ngumu zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na nakala zilikuwa zimesambaa kusikojulikana. Kila alasiri, baada ya masomo, Chiriku aliketi na Mwalimu Taratibu akaiandikia shule moja baada ya nyingine: Kitabu cha wadudu tulichowatumia si huria. Nilikitoa bila ruhusa ya mwenyewe. Tafadhali kifuteni. Mchoraji wake ni huyu, na kitabu chake kinapatikana kwa mchapishaji huyu. Chini aliandika jina lake lote, lile la kwenye rejista. Shule nyingine zilijibu upesi, nyingine zilinuna, na chache hazikujibu kabisa. Mwalimu naye alimwandikia mchapishaji, akaeleza jinsi mambo yalivyokuwa na nani mwenye kazi.

"Na wale wasiojibu, mwalimu?"

"Tutawaandikia tena. Huenda nakala nyingine hatutazipata kamwe. Kubali hilo, lakini usiache kuandika."

Shule yenye bustani ndiyo iliyoanza. Mwalimu wake alijibu kwamba wamefuta nakala yao, na kwamba wazazi wamechangishana kununua kitabu chenyewe, maana watoto wamekataa katakata kuachana na wadudu. Nyingine zikafuata. Na siku moja mama mchoraji akarudi maktabani na ule mkoba wake bapa, uso umekunjuka.

"Cha pili kinachapishwa," akasema. Chiriku aliketi chini, sakafuni palepale, bila kutafuta kiti.

Mama akatoa karatasi tatu. Ilikuwa michoro mipya: mchwa malkia, nyungunyungu, na buu la dundu likiwa limejikunja kama mtoto usingizini. "Hii sitaiuza. Mwalimu, nionyeshe nafanyaje ili iwe huria."

Mwalimu Taratibu akaiweka michoro ile kisandukuni, kisha akampa kiti mbele ya skrini. Lilipokuja swali la nani ametayarisha, mama akaandika jina lake. Akasoma masharti kwa makini, akachagua lile linalosema kila anayenakili ataje jina la mchoraji. Swali la ruhusa likaja. Kidole chenye wino kikasimama juu ya Ndiyo, kikashuka. Michoro ikaondoka, na kwenye skrini majina ya shule yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine, kila shule ikipokea. Mama mchoraji aliziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yakimeta kwa furaha ambayo Chiriku hakuwahi kuiona kwa mtu mzima.

"Wote hao wanamwona malkia wangu sasa hivi?" akanong'ona.

"Sasa hivi, mama," Mwalimu Taratibu akasema.

Mama akamgeukia Chiriku, akamshika bega. "Kitu kutolewa bure hakumaanishi hakina mwenyewe, mwanangu. Kina mwenyewe, na ndiye aliyekupa. Kazi ya mtu iombe, na jina lake ulitaje. Unajua ulichoninyima siku ile? Si fedha tu. Ulininyima hii furaha ya kutoa."

Chiriku alitazama majina yakiendelea kumiminika kwenye skrini, akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja.