Kisu cha Hitima ya Bibi Fatu

Kila siku, baada ya swala ya alfajiri, Mashavu aliketi nyuma ya mivukuto na kuupuliza moto wa baba yake. Mkono wa kulia chini, wa kushoto juu. Wa kushoto chini, wa kulia juu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amechoka kwa miaka kumi na mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake Mhina, lakini Mhina alikuwa amechukuliwa kulima barabara ya Wajerumani. Wazee wa Kwaluguru walinong'ona kwamba mtoto wa kike hakai kwenye kibanda cha mhunzi. Baba yake, Salimu, aliwajibu kwamba mivukuto yenyewe haijalalamika.

Salimu naye alikuwa amechoka. Alikuwa amerudi mwezi uliotangulia kutoka Korogwe, alikobeba mataruma ya reli kwa miezi minne, akaja na mgongo mbovu na tupa moja kuukuu ya kusugulia chuma, iliyotupwa na mafundi wa garimoshi. Kwa tupa hiyo alikusudia kufua kisu cha kumchinjia ng'ombe wa hitima ya marehemu mama yake, Bibi Fatu. Ng'ombe alikuwa mmoja tu. Ndugu walikuwa njiani kutoka Kerenge, wakitembea kwa siku mbili.

Kufikia alasiri tupa ilikuwa imegongwa kwenye fuawe mpaka ikawa kisu. Salimu alikipasha moto kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta ya nyonyo. Kikalia kama chakula kinachokaangwa, kisha kikanyamaza.

"Hiki si chuma cha jembe," alisema. "Jembe ukishalizamisha, umemaliza. Hiki sasa ni kigumu kama kigae, na kigae huvunjika. Kisugue kwa mchanga king'ae, halafu kishike juu ya makaa, mbali kidogo, mpaka kiwe rangi ya asali; hapo hakitavunjika. Usiwe na haraka. Mimi najinyoosha."

Alianza kukoroma kabla hajafika chini.

Mashavu alisugua mpaka kisu kikang'aa na mikono ikaisha nguvu. Alipokiinua juu ya makaa, akapita Swaumu, binti wa jirani, na mtungi kichwani.

"Unakibembeleza kilale?"

"Nangoja kiwe rangi ya asali."

"Mbona majembe yenu hayangoji asali, na tunayalimia mpaka leo?"

"Ndivyo ninavyosema mimi."

"Basi kipe asali yake, shoga. Kwenu leo hakuna manjano?"

Manjano yalikuwapo, yamekwisha kutwangwa kwa ajili ya mchuzi wa hitima. Mashavu aliyachanganya na mafuta, akakipaka kisu ubavu huu na ubavu huu. Tuseme haki: ulikuwa uongo uliopakwa vizuri. Salimu alipoamka alikitazama kwa jicho moja, kwa kuwa la pili lilikuwa bado limelala, akasema, "Vizuri, mwanangu," kisha akakifunga kwenye kitambaa. Usiku kucha neno lile "vizuri" lilimkaa Mashavu kifuani.

Asubuhi alikuja Mzee Kibwana, mchinjaji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Aliketi kwa awamu tatu, akishika goti kila awamu. "Salimu, nionyeshe kisu. Mwaka juzi kule Chanika kisu kilivunjika ng'ombe akiwa nusu. Akafa kibudu. Watu sitini tulikaa tukitazama nyama ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuila. Fisi ndio waliofanya hitima."

Akakifungua kitambaa. Akakisogeza kisu puani.

"Kisu chako kinanukia mchuzi, na ng'ombe bado anakula majani."

"Labda ni kitambaa," alisema Salimu. "Kimetoka jikoni."

Mashavu alitakiwa kunyamaza tu, kazi isiyochosha hata kidole. Lakini barazani ndugu wa Kerenge walikuwa wamelala chali, miguu imevimba, na hakuna aliyekula tangu jana.

"Si kitambaa, baba," alisema. "Ni manjano. Sikukirudisha motoni. Nilichoka."

Salimu alikichukua kisu, akaigonga ncha yake kwenye fuawe, taratibu kama mtu abishaye hodi kwa wakwe. Ncha ikaruka, urefu wa vidole viwili.

"Kilichobaki kinamtosha ng'ombe," alisema Mzee Kibwana. "Washa moto."

Watu wote walingoja. Mashavu alikisafisha kisu, akakishika juu ya makaa huku machozi yakimtoka, na safari hii rangi ya asali ilikuja yenyewe, polepole, kutoka ndani ya chuma. Adhuhuri ng'ombe alichinjwa, na kisu hakikuyumba.

Baada ya kula, Mzee Kibwana alimwita.

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Hapa nani hajachoka? Ungemwamsha baba yako ukamwambia mikono imekwisha, angenung'unika kidogo, kisha angemaliza mwenyewe. Lakini ulituonyesha kazi iliyokwisha, nasi tukaiamini. Leo ungetulaza njaa sote, na Bibi Fatu angekosa hitima yake. Ukishindwa, sema umeshindwa."

Kisha akamgeukia Salimu, akilionyesha jembe lililoegemea ukuta wa kibanda. "Na jembe langu utalitengeneza lini?"

Salimu aliutazama mgongo wa jembe, akaushika mgongo wake.

"Nimechoka, mzee. Njoo keshokutwa."

"Umemsikia?" Mzee Kibwana alimwambia Mashavu. "Wala hakupaka manjano."