Vidonge Ndani ya Pipa la Mama

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kimbelembele alienda kumsaidia mama yake kazini. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu kila kazi aliivamia kabla hajaambiwa. Mama alikuwa mtunza uwanja wa mpira, na kiangazi kile kilikuwa kimemchosha kweli kweli. Ukoka ulikuwa umekauka na ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Msimamizi alikwishasema kwamba ukoka usipopona kabla ya ligi, atamwaga kokoto pale, na Mama atafute kazi kwingine.

Mama alichanganya kitu fulani cha chupani kwenye pipa la maji, akalifunika. Kisha akashika uma wa bustani na kuutoboa uwanja wote, hatua kwa hatua, ili maji yapenye. Jioni alirudi hoi, mafua yamembana, akasinzia na kijiko mkononi.

Kesho yake Kimbelembele alifunua pipa. Lo! Maji yalikuwa na povu na harufu ya uchachu.

“Masikini Mama, maji yake yameharibika,” alisema. Shuleni walifundishwa kutibu maji machafu, basi akachukua vidonge vyote vya kutibu maji ya kunywa vilivyokuwa nyumbani, akavitia pipani. Akafunika, akajiona wa maana.

Siku ya kumwagilia ilipofika, Mama aliketi kwanza kupumzisha mgongo.

“Mama, pipani mna nini?” Kimbelembele aliuliza.

“Vijidudu vya udongo, mwanangu. Si vya kuleta maradhi hivi. Vinaishi kwenye mizizi na kuisaidia kupata maji hata jua likiwa kali. Nimevilisha sukari vizaane.”

Kimbelembele akakumbuka vile vidonge. Pua ya Mama ilikuwa imeziba, asingeisikia harufu ya dawa. Akinyamaza, ukoka ukifa, jua ndilo litakalobebeshwa lawama zote. Lakini Mama naye atafukuzwa kazi.

“Mama, usimwagilie!” alisema huku machozi yakimlengalenga. “Nilitia vidonge vya kutibu maji. Nilidhani yameoza.”

Mama alifunika uso kwa viganja vyake vyenye malengelenge.

“Jamani, mtoto wewe! Huwezi kuuliza? Yaani nimetoboa uwanja wote huu, halafu niumwagie dawa ya kuua vijidudu?”

“Nisamehe, Mama.”

Mama alishusha pumzi ndefu. “Vijidudu vimebaki nusu chupa. Haya, inuka tuanze upya.”

Walimwaga yale maji mbali na uwanja. Kimbelembele alilisugua pipa mpaka mabega yakawaka moto, akachota maji mapya na kuyaacha wazi ili dawa ya maji ya bomba iishe. Mama akamimina ile nusu iliyobaki. Vijidudu vilipozaana, walimwagilia wawili, jua likiwa limepoa, bila nguvu hata ya kuzungumza.

Wiki ya ligi, msimamizi aliupapasa ukoka. Machipukizi ya kijani yalikuwa yamejaa chini ya majani makavu.

“Kokoto hazimwagwi tena,” alisema. “Mama, endelea na kazi yako.”

Mama aliketi palepale, akacheka kwa uchovu, akamvuta binti yake karibu.

“Siku nyingine uliza kwanza, hata kama unataka kusaidia,” alisema. “Na ukikosea, sema upesi kama ulivyosema. Ungenificha siku ile, leo ningekuwa nafungasha virago, nikililaani jua ambalo halikunikosea chochote.”